Ukurasa wa Nyumba Yetu: Baba Anarudi Barabarani

Mwezi uliopita ukurasa huu haukutoka. Wengine wenu mmetusimamisha pale kwenye bomba la maji mkiuliza kama sisi wawili, mume na mke, tumegombana. Hapana jamani. Tulikuwa likizo. Mcheke tu, hata sisi tulicheka: mkimbizi naye anaenda likizo! Lakini tulienda kweli, na tuliyoyaona huko ndiyo ya mwezi huu.

Kaka yetu mkubwa anakaa Mbale, kule mashariki ya Uganda, chini ya mlima Elgon. (Ni kaka wa mmoja wetu na shemeji wa mwingine, ila hapa tumwite kaka, tusichanganye watu.) Yeye ni dereva wa trela la mizigo: Kampala, Jinja, Malaba, Mombasa, halafu anageuza. Alianza kama taniboi, yule kijana wa kuweka jiwe chini ya tairi na kulala juu ya mzigo, na leo anashika usukani. Mtoto wake wa kiume ana miaka minane. Huyo anawaambia wenzake shuleni kwamba baba yake ni rubani. Wanamwamini, maana shule ya marubani iko Soroti, kama kilomita 100 tu kutoka Mbale, tangu ilipoanzishwa mwaka 1971 na ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Na kweli ukimwona kaka amekaa kule juu kwenye kichwa cha lori, miwani ya jua usoni, hata wewe utamwita kapteni.

Basi alipiga simu: nimepewa siku kumi na nne, shule zimefungwa, njooni tukae pamoja kama watu. Tukachukua karatasi ya ruhusa ya kusafiri kwa kamanda, kuku tukamwachia jirani, tukapanda basi.

Hapa tutoke njiani kidogo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku saba za likizo yenye mshahara kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka. Na Sheria ya Wakimbizi, nayo ya mwaka huohuo 2006, inatambua kwamba mkimbizi anaweza kuajiriwa. Kaka alikuwa amekaa miaka mitatu bila kuomba hata siku moja, akidhani likizo ni ya walimu na watu wa ofisini. Aliyeajiriwa aulize. Kuuliza si kugoma.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu na hatuna mengi ya kusema juu yake. Shemeji, mke wa kaka, ni Mgisu, akatupikia malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayoyakausha kwa moshi kisha wanayapika na karanga. Anayesema ni mti mkavu hajaonja ya shemeji. Kaka akatengeneza paa la jiko, akampeleka mtoto kunyolewa, akalala mchana. Jioni tulikaa nje tukiangalia wingu likishuka juu ya Wanale, na mtoto amekaa katikati ya miguu ya baba yake kama vile amepandwa pale.

Ilipofika siku ya tisa, nyumba ikabadilika.

Hakuna aliyesema kitu. Kaka tu alianza kunyamaza. Ukimwambia jambo anajibu "mm". Alimkaripia mtoto kwa sababu ya kikombe, kikombe chenyewe hakikuvunjika. Alishika simu muda mrefu, na tukajua ni ofisi inamwambia lori liko tayari. Shemeji naye akawa anafua nguo ambazo hazijachafuka. Na mtoto akaanza kulala mlangoni. Unamhamisha usiku kitandani, alfajiri unamkuta tena kwenye mkeka, kichwa kimegusa mlango.

Siku ya kumi kiatu kimoja cha kaka kikapotea. Tulikitafuta nyumba nzima, tukamsingizia mbwa wa jirani. Shemeji ndiye aliyekiona, ndani ya gunia la makaa, chini kabisa. Hakupiga kelele. Alikirudisha palepale akatuita jikoni.

"Dada yangu," akasema, "kaka yenu anaondoka kama mwizi. Mara zote. Anaamka saa kumi usiku, anabeba mfuko, anashika viatu mkononi mpaka nje ndipo anavivaa. Mtoto akiamka anauliza baba yuko wapi, mimi ndiye wa kusema. Mimi ndiye wa kupigwa na kilio. Yeye akifika Malaba anapiga simu anauliza, 'Amelia?'"

Tukamuuliza kama amemwambia. Akasema amemwambia mara nyingi, na jibu ni moja: siwezi kumwona akilia, nitashindwa kuendesha.

Hatukutaka kumhukumu. Kazi ile ni ngumu kuliko mnavyofikiri mkiona malori yanapita yamepakwa rangi. Kutoka Mombasa hadi Malaba peke yake ni zaidi ya kilomita 900, na Kampala bado. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva wa mizigo ndio walioendelea kutembea wakati sisi wote tumefungiwa, na walilipwa kwa kuogopwa. Malaba kila dereva alipimwa kabla ya kuingia, na foleni ya malori upande wa Kenya ilifika makumi ya kilomita. Kaka alilala siku nyingi chini ya lori lake. Alipovuka alipita Tororo, kilomita kama 45 kutoka mlango wa nyumba yake, asiweze kwenda hata kuonyesha uso. Shemeji alimpelekea chakula barabarani, akakiweka chini, akarudi nyuma hatua kumi, ndipo kaka akakichukua. Mtoto alikuwa mdogo bado, mgongoni. Kwa hiyo kaka anajua uchungu. Hatuwezi kusema hana moyo.

Lakini kuna jambo jingine, na hili ndilo lililotufanya tuandike.

Usiku ule mmoja wetu alikaa nje na kaka mpaka chai ikaisha. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Hawa wawili baba yao mzazi aliondoka hivyohivyo. Ilikuwa Uvira, Oktoba 1996, vita vimefika mjini. Baba alitoka alfajiri kwenda kutafuta mtumbwi wa kuwavusha ziwa Tanganyika, akamwambia mama kwa sauti ya chini: usiwaamshe, watalia. Mpaka leo hajarudi. Mtumbwi uliowavusha baadaye ulikuwa wa watu wengine. Kaka alikuwa na miaka kumi na minne, mdogo wake sita.

Miaka yote hiyo, kaka na mdogo wake hawakuwahi kuongea juu ya asubuhi ile. Wameongea juu ya vita, juu ya mama, juu ya kambi ya kwanza na ya pili, ile asubuhi hapana. Usiku ule Mbale mdogo akamwambia: "Kaka, mimi sikuwa nimelala. Nilisikia komeo la mlango. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe. Nilifumba macho kwa sababu niliambiwa nilale."

Kaka alikaa kimya muda mrefu sana. Kisha akasema, "Nilidhani ni mimi peke yangu niliyesikia."

Hatutaandika yaliyofuata, ni ya kwao wawili. Tunaandika hili tu: mtoto analala mlangoni kwa sababu anasikia. Wazazi tunajidanganya kwamba tukinyata hawajui. Wanajua siku nyingi kabla, wanajua kwa namna unavyokunja shati. Anachojifunza mtoto pale ni kwamba usingizi ni kitu cha hatari, ukilala mtu wako anachukuliwa. Na kwa watoto wa nyumba zetu sisi, ambao wamesikia hadithi za babu aliyetoka hajarudi, jambo hili ni zito kuliko kwa mtoto wa jirani asiyekimbia popote.

Tunajua wengi mnaosoma hapa si wake wa madereva. Lakini yupo baba anayekwenda kutafuta kazi Kampala mwezi mzima. Yupo mama anayetoka usiku kuwahi soko la mbali. Na ziko familia zinazoitwa kwa safari ya ng'ambo, basi la IOM linakuja asubuhi, na bibi anayebaki haambiwi siku mpaka mizigo inapotolewa nje, ati tusimpandishe presha. Bibi yule ameona mangapi? Presha yake inapanda zaidi kwa kubaki anakisia.

Asubuhi yake kaka alimwita mtoto. Hakujua aanzie wapi, akaanza kumuuliza habari za shule, mtoto akamwangalia tu. Mwisho akasema moja kwa moja: "Alhamisi narudi kazini. Nitakuwa barabarani wiki tatu, labda nne. Siyo leo, siyo kesho. Alhamisi."

Mtoto akauliza swali moja: "Utaniamsha?"

"Nitakuamsha. Na tutakwenda wote mpaka Jinja, ukalione lori."

Basi mchana kile kiatu kilikuwa mlangoni pamoja na mwenzake, kimefutwa makaa. Hakuna aliyeuliza.

Siku mbili zilizobaki zilikuwa za kazi, na tunadhani ndivyo inavyotakiwa. Kaka na shemeji walikaa na daftari. Hela ya unga, ada ya muhula, kodi ya nyumba, na ya dharura ambayo haiguswi kwa sababu ya harusi ya mtu. Shemeji akaandika zile namba mwenyewe, kaka akatia sahihi kama yuko forodhani. Tulicheka, lakini daftari lile linazuia simu za matusi katikati ya mwezi.

Pia walikwenda zahanati wote wawili kupima virusi vya ukimwi. Shemeji aliturusu tuandike. Anasema tangu waoane wanapima kila kaka akiwa nyumbani, wote, pamoja, siyo yeye tu na siyo kaka tu. Barabara ile kutoka Mombasa imezika watu wengi, kila mtu anajua, na miaka ya nyuma mke wa dereva alikuwa haruhusiwi hata kuuliza. "Mimi siulizi anafanya nini huko," akasema, "mimi namwambia vaa kandambili twende zahanati." Hapo kaka alitazama pembeni, lakini alizivaa.

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri kaka alimwamsha mtoto. Sisi tuliokuwa macho tulisikia. "Amka, ni leo." Mtoto akaamka kama askari.

Tulipanda taksi, tukapita njia ya Tirinyi: Kamonkoli, Budaka, Tirinyi yenyewe, bonde la Mpologoma na mashamba yake ya mpunga, Namutumba, kisha Iganga kwenye barabara kuu, halafu Jinja. Kama kilomita 145. Mtoto akauliza: kama baba anakwenda Malaba, na Malaba iko karibu na kwetu, kwa nini tunakwenda mbali kinyume? Swali zuri. Ni kwa sababu kaka alishusha mzigo upande ule, na lori likabaki gereji Jinja kubadilishiwa breki. Angeshuka na lori tena siku hiyohiyo kuelekea Malaba. Mtoto akaona hiyo si akili. Hata sisi tuliona hivyo, kwa nauli tuliyolipa.

Kwa kuwa tulifika mapema tulikwenda kuangalia mahali Nile inapotoka ziwani, tukaliona na daraja jipya lenye kamba nene, lile lililofunguliwa Oktoba 2018. Kabla yake malori yote ya kwenda Kampala yalipita juu ya bwawa la Owen Falls, lile la mwaka 1954, na kaka anasema alikuwa akizuia pumzi kila akivuka na mzigo kamili. Mwenye mtumbwi akatuambia kama anavyowaambia wageni wote, kwamba maji haya yatachukua miezi mitatu kufika Misri. Mtoto akahesabu vidole. "Baba ni wiki nne tu," akasema. Akanunuliwa mahindi ya kuchoma.

Gereji ndipo ilipokuwa kazi yenyewe. Kaka alimpandisha juu kwenye kiti cha dereva. Akamwonyesha kioo cha kushoto na cha kulia, mahali taniboi analala, mahali picha yake, ya mtoto mwenyewe, imebandikwa juu ya redio. Mtoto hakuwa anajua kwamba yumo ndani ya lori siku zote. Alinyamaza akaigusa.

Kisha kaka akachukua kalamu na gamba la sigara la fundi, akamwandikia njia. Tunaiandika na sisi, maana watoto wengine hapa kambini wana baba au mjomba kwenye njia hiyohiyo. Kutoka Jinja, mzani wa Magamaga, hapo lori linapimwa. Lenye ekseli saba halitakiwi kuzidi tani 56 pamoja na mzigo. Iganga. Bugiri. Busitema, mzani tena, karibu na msitu wenye nyani. Tororo na lile jiwe lake kubwa. Malaba, mpaka, karatasi. Halafu Kenya: Bungoma, Webuye na mzani wake, Eldoret ambako usiku ni baridi, Nakuru, Nairobi, Mlolongo, Mariakani, Mombasa bandarini. Akamwambia: "Nitapiga simu Malaba, Eldoret, Nairobi na Mombasa. Kama sijapiga ni mtandao au chaji, subiri kesho yake. Mama yako ana namba ya ofisi."

Tulipenda kwamba hakuahidi kupiga kila siku. Ahadi ya kila siku huvunjika siku ya pili.

Mtoto alilia? Alilia, tena sana. Tusiwadanganye. Lori lilipowashwa alimshika mama yake kiunoni akalia mpaka mafundi wakaacha kazi. Kaka naye, pamoja na ile miwani ya jua, tulimwona. Alipiga honi mara tatu kama walivyopatana, akatoka kwenye lango, akaingia barabara kuu upande wa Iganga. Hakushindwa kuendesha.

Shemeji na mtoto wakapanda taksi ya kurudi Mbale, sisi tukapanda ya Kampala kurudi kwetu huku. Tuliagana kwa haraka, makondakta hawana huruma. Mtoto alikuwa amelikunja lile gamba la sigara ndani ya kaptula.

Saa mbili usiku, tukiwa bado njiani, shemeji alitupigia. Kaka alikuwa amepiga kutoka Malaba, kwenye foleni. Mtoto alimnyang'anya mama simu kabla hajamaliza kusalimu, akamuuliza baba mzani wa Busitema ulisemaje, na kama nyani aliwaona. Baada ya hapo akala, akaenda kulala. Kitandani, akasema shemeji. Alirudia mara mbili: kitandani.

Mwezi ujao tutarudia habari ya mboga za nyuma ya nyumba tuliyoiacha katikati, maana wengi mmeuliza juu ya wadudu wa sukuma. Wenye barua waziache kwenye sanduku la pale kituo cha vijana, au watupe mkononi wakitukuta siku ya mgao. Kuku tumewakuta wote salama, tunamshukuru jirani.